Hoteli Iliyoninyima Chakula

Nilipopelekwa Malindi kufundisha, miaka ya themanini ikiwa bado michanga, sikujua kukuna nazi wala sikujua mtu. Mume wangu alikuwa karani Mombasa na alikuja Jumamosi, tena si kila Jumamosi. Chumba changu cha kupanga kilikuwa na jiko moja la mafuta ya taa, na nilipopata mimba moshi wake ukawa unanitapisha. Ndipo nikaanza kula mchana katika hoteli ya mama mmoja nyuma ya soko.

Tuliiita hoteli, lakini ilikuwa sebule ya nyumba yake. Palikuwa na meza chache, mabenchi, pazia la maua mlangoni, na nyuma ua wenye kisima na mafiga ya kuni. Mwenyewe alikuwa mjane, mwenyeji wa mji wa kale, mnene, mwenye mwendo wa polepole. Alipika yeye akisaidiwa na kaka yake. Ukiingia unamwamkia, anakuitikia marahaba, kisha anakwambia kilichopo: leo mbaazi, leo samaki wa kupaka, leo samaki hakuniridhisha, kula mchicha. Mimba yangu aliijua kabla sijamwambia mtu yeyote shuleni. Siku moja aliacha tu kuniwekea pilipili kando ya sahani, na nilipoiomba akajifanya hakusikia. Nilikasirika kidogo. Nilipofika chumbani nikajikuta nafurahi kwamba katika mji ule kuna mtu aliyeniangalia vizuri hivyo.

Mwaka huohuo ilifunguliwa hoteli nyingine barabara kubwa, ya kampuni yenye matawi Mombasa na Nairobi. Ilikuwa na mlango wa kioo, feni, viti vyekundu vya plastiki vilivyokazwa sakafuni, na picha za kuku na chipsi ukutani zikimulikwa kwa taa. Walimu wenzangu walikwenda siku za mshahara. Nami nilikwenda, na kuku alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Lakini chakula cha kila siku niliendelea kula kwa mama.

Kisha masika ikaingia kwa nguvu. Maji yalisimama vichochoroni na yakageuka rangi. Zikaanza kuja habari za kuhara na kutapika kutoka vijiji vya ndani, za watu waliobebwa kwa vitanda mpaka hospitali. Neno kipindupindu lilitajwa kwa sauti ya chini, kama jina la mtu aliye chumba cha pili. Shuleni tuliamriwa kuchemsha maji. Usingizi wangu ukawa wa vipandevipande.

Siku moja mchana, fundi cherehani aliyeshona kwenye baraza mkabala na hoteli ya mama alikaa meza ya pembeni yangu. Alikula wali na maharagwe, nami nikala wali na maharagwe, vyote vikipakuliwa kutoka chungu kimoja. Kesho yake asubuhi nikasikia amepelekwa hospitali akiwa hajiwezi. Kufika saa ya mapumziko, chumba kizima cha walimu kilijua alikula wapi.

Mwalimu mkuu wetu, mama wa makamo kutoka Rabai, aliniita pembeni. Hakuwa mtu wa kuchonganisha. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, sisi tukiugua tunaugua peke yetu. Wewe mko wawili. Nenda ukale kule kwenye kioo."

Nikaitikia. Sikumwambia kwamba chakula cha kesho hakikuwa kinanitisha. Kilichonitisha ni cha jana, maana kilikuwa tayari ndani yangu. Nilirudi darasani nikawasimamisha watoto wasome kwa sauti, nami nikasikiliza tumbo langu. Kila liliponguruma nilishika ukingo wa meza. Mtoto alipogeuka tumboni sikujua kama ni yeye au ni ugonjwa unaanza. Watoto walimaliza kusoma, wakanyamaza, wakaanza kunitazama.

Mchana miguu ilinipeleka kwa mama. Sikwenda kwa ushujaa. Nilitaka kuuona uso wake tu, nijue kama naye ana hofu.

Hoteli ilikuwa tupu. Vyungu vilikuwa vimefunikwa, na yeye amekaa benchini, mikono mapajani, jambo ambalo sikuwahi kuliona saa kama ile. Nilimwamkia, akaniitikia. Nikakaa mahali pangu nikaomba wali. Alilitazama tumbo langu kwa muda.

"Leo sikupi," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza kwani hakupika.

"Nimepika, kabla sijapata habari ya fundi. Labda chakula changu ni kizima. Labda kisima changu kimeingia uchafu kwa mvua hizi, jirani ana choo nyuma ya ukuta ule. Sijui, mwalimu. Na kitu nisichokijua sikutilii kinywani."

Nilijaribu kumtetea mbele yake mwenyewe. Nikasema fundi hula kila mahali, huenda alipata ugonjwa kwingine. Akasema huenda, lakini kwake alikula, na hilo hawezi kulikataa. Alikuwa amekwenda mwenyewe asubuhi kumwita bwana afya aje apime maji. Kaka yake alikuwa amegombana naye kwa hilo. Alimwambia wanyamaze mpaka mji usahau, kwa kuwa biashara ikishaandamwa na bwana afya hainyanyuki tena. Aliyaeleza hayo bila kulalamika, kisha akaniuliza waziwazi, kama mama anavyomuuliza binti yake, kama nimeharisha, kama nimetapika, kama mtoto anacheza. Akanionya nikisikia lolote niende hospitali, nisingoje kupambazuke. Nilipoinua pazia kutoka, nilimwona akiinua chungu cha wali kwenda kuuzika uani. Nikaondoka na hofu kubwa kuliko niliyokuja nayo.

Nikaenda kwenye kioo. Nusu ya mji ilikuwa mle, na wenzangu wakanisogezea nafasi. Nilichukua chipsi na kachumbari, lakini kabla ya kula nikarudi kaunta kumuuliza kijana wa kofia nyeupe maji ya kuoshea mboga yanatoka wapi. Alitabasamu akasema kila kitu kinatoka kwa kampuni. Nikamuuliza ni ya bomba, ya kisima, au yanaletwa kwa gari? Akaingia ndani akarudi na msimamizi, kijana mwenye tai, mpole sana. Akanieleza kwamba utaratibu wao ni mmoja matawi yote, na nikiwa na swali zaidi naweza kulipeleka makao makuu, Mombasa.

"Wewe mwenyewe hujui?" nikamuuliza.

"Sikuajiriwa kwa hilo, dada."

Hakunijibu kwa jeuri. Aliniambia kweli. Nilikaa na chipsi zile mpaka zikapoa. Yawezekana zilikuwa salama, na nadhani zilikuwa salama, kwa maana hakuna aliyeugua kwa kula pale. Lakini nilitazama kaunta ile nikaona kwamba ningeanguka hapo sakafuni, hakuna hata mmoja upande wa pili ambaye angejiuliza amenilisha nini.

Siku zilizofuata nilikula chumbani mkate na chai ya rangi, na jiko likinichoma macho. Kisha asubuhi moja, nikiandika ubaoni, maumivu yakanishika kiunoni na baridi ikanipanda mwilini mpaka chaki ikaniponyoka. Mwalimu mkuu alinipeleka hospitali mwenyewe. Njia nzima alisali kwa sauti ya chini, na mimi sikuweza kusali. Nilikuwa nimelishika tumbo kwa mikono miwili kana kwamba ningeweza kumzuia mtoto asishuke.

Ilikuwa malaria. Muuguzi alinisikilizisha moyo wa mtoto, akanikemea kwa kutokula, akanilaza. Nililia kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze, nikajifunika shuka usoni wenzangu wa wodini wasinione.

Fundi naye alikuwa wodi ya wanaume, ameshaanza kukaa kitako. Ugonjwa wake haukuwa kipindupindu, ulikuwa wa kuhara kwa maji machafu. Na maji yenyewe yalijulikana: bwana afya alikipima kisima cha mama akakuta choo cha jirani kimevujia humo. Mwalimu mkuu aliniletea habari hiyo kitandani. "Unaona?" aliniambia.

Nikaona. Mwili ulinisisimka kwa kufikiri ni mara ngapi nilikuwa nimekula mle mvua zikinyesha. Lakini niliona na jambo la pili, ambalo sikumwambia. Kwamba siku ile ningepewa sahani ningekula yote, na aliyenizuia ni yeye.

Kesho yake mama alikuja hospitali. Kwanza alikwenda wodi ya wanaume kumtaka fundi radhi, kisha akaja kwangu, akasimama mguuni mwa kitanda. Akaniuliza mtoto anacheza, nikamwambia anacheza. Akasema alhamdulillahi. Alikuwa amekuja mikono mitupu, bila uji, bila hata chungwa, jambo asilolifanya mtu wa pwani anayekwenda kumtazama mgonjwa. Nilielewa kwamba hakuthubutu kunilisha kitu kutoka mkononi mwake, na nikaona jinsi ilivyomuuma kusimama vile.

Hoteli yake ilifungwa mpaka mvua zikaisha. Jirani alilazimishwa kuhamisha choo, na kisima kikafunikwa kwa saruji. Mimi nilijifungua salama, mtoto wa kike. Niliporudi kazini pazia la maua lilikuwa limetundikwa tena, lakini mabenchi yalikuwa matupu. Watu walikuwa wamezoea kioo. Na mimi, kwa siku kadhaa, nilipita njia ya pili ili nisipite mlangoni pake. Nilikuwa nanyonyesha, na kila nilichokula nilikiona kikiingia katika maziwa. Mume wangu alipokuja Jumamosi aliniuliza ninachohangaikia ni nini, si nile hoteli ya kampuni kama kila mtu. Nikamwambia kule sijui wa kumuuliza. Akacheka, lakini nilipolisema nilijua nitakwenda wapi.

Jumatatu nikaingia, mtoto mgongoni. Mama aliniitikia marahaba bila kuinuka. Nikamuuliza, huku uso ukiniwaka, maji siku hizi wanatoa wapi. Hakuudhika. Alinipeleka uani akanionyesha mapipa yaliyojazwa kutoka bomba la soko na kuletwa kwa mkokoteni, na sufuria kubwa ambamo kaka yake aliyachemsha maji hayo. Kisima kilikuwa kimezibwa. Kisha akapakua wali na samaki katika sinia moja, akanawa, akakaa mbele yangu, jambo asilolifanya na wateja, akatia tonge la kwanza kinywani mwake.

Nami nikala. Tonge la mwanzo nililimeza haraka, kabla sijabadili nia.

"Polepole, mwalimu," alisema. "Na mimi naogopa."

Fundi alirudi baada yangu, na watu walipomwona yeye akila pale wakaanza kurudi mmojammoja. Si wote. Mwalimu mkuu hakuingia kamwe, na hatukukosana kwa hilo. Hoteli ya kampuni ilidumu miaka michache ikiwa na wateja wake, kisha asubuhi moja ikakutwa imefungwa kwa amri kutoka Mombasa. Msimamizi mwenye tai nilimkuta amesimama nje na funguo zisizofungua tena, kwa kuwa kufuli zilikuwa zimebadilishwa. Naye alikuwa hajaambiwa. Nilimsikitikia kwa dhati.

Lakini kabla ya hayo, binti yangu alipofika umri wa kuonja chakula, mama aliniomba amlishe yeye. Alimpondea mbaazi za nazi kijiko kimoja, zisizo na chumvi. Akazionja yeye, akanipa nikazionja, ndipo tukamtia mtoto kinywani. Akazimung'unya, akameza, akataka nyingine. Sisi hatukumpa. Tulimlaza juu ya leso benchini, tukakaa kila mmoja upande wake, tukamtazama mchana kutwa.