Harufu Kwenye Chupa

Mtaalamu wa maabara hufuta miwani, huinama, hunusa hewa, ndipo aguse chupa. Bakteria wake amewashindisha njaa: kawaachia chembe tu ya amonia, aone kama wataivuta tena ndani kila inapowavuja. Mvuke kidogo wa amonia ukiingia kutoka nje ya chupa, kazi ya miezi imekwenda na maji. Leo kitu kikamchoma puani.

"Dada, umepiga deki na nini?" mtaalamu, ambaye sauti yake huwa haifiki mlangoni, akamfokea msafishaji.

"Maji matupu, mama, haki ya Mungu."

Mtaalamu akafungua madirisha, akabana vizibo. Harufu ikamfuata kwenye kila chupa aliyoinamia. Akavua miwani aifute tena, mkono ukaganda mfukoni, juu ya kitambaa alichokilowesha asubuhi kwa dawa ya kung'arishia vioo, ile yenye amonia.