Maandishi Chini ya Picha

Mzee Pumba hakupewa jina hilo kwa sababu ya maneno yake, ingawa wapo waliodhani hivyo. Alisimamia mashine ya kusaga nafaka kwa miaka ishirini na sita, na kila jioni alirudi nyumbani mweupe kuanzia kope hadi kamba za viatu. Kwa muda wote huo hakumwaga unga, kwa maana zote mbili. Ulaini wa unga aliupima kwa kuusugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Mkanda ukitaka kukatika, alijua kwa nyayo kabla injini haijabadili mlio. Wateja hawakujisumbua kusema naye, maana nani angesikia? Ukitaka akukobolee, ulisugua kiganja juu ya kiganja. Ukitaka akusagie, ulipiga ngumi kwenye kiganja. Salamu ilikuwa kuinua nyusi, basi, na foleni ikasogea.

Watu hudhani mashine ya kusaga hula nafaka tu. Yake ilimla na masikio, polepole, bila maumivu, hata alipostaafu akakuta dunia nzima imepunguzwa sauti. Mlango ukibamizwa alisikia. Mvua kwenye bati alisikia. Maneno ndiyo yaliyomponyoka, tena kwa ujanja, nusu yanafika na nusu yanabaki njiani. Siku moja jirani yao seremala alimsimamisha getini akamwambia kwa huzuni, "Mzee, nimefiwa." Mzee Pumba akasikia amepewa. Akamshika mkono kwa mikono miwili, akautikisa kwa furaha, akasema, "Hongera sana, bwana! Ulistahili." Ilibidi mkewe aende kwa seremala kueleza na kuomba radhi. Tangu hapo Mzee alijitengenezea tabasamu la katikati, linalofaa msibani na harusini, akawa anatembea nalo.

Hospitali walimpa kifaa cha kuvaa sikioni. Kikakuza kila kitu bila kuchagua: kijiko kikigusa kikombe, Mzee anaruka. Alikivumilia miezi miwili, akakirudisha kwenye kisanduku chake na kukitakia mapumziko mema.

Akabaki na mkewe. Huyu mtaani walimwita Bi Karani, kwa kuwa alikuwa karani wa shule ya sekondari, akapiga chapa barua za walimu wakuu watano na kuwasahihisha wote watano. Alizoea kutamka neno mpaka herufi yake ya mwisho, kwa hiyo Mzee akimtazama mdomoni alipata karibu kila kitu. Kila jioni, wakishakula, walikaa sebuleni kutazama tamthilia yao. Ilihusu mjane aliyeachiwa kiwanda cha magodoro, na shemeji yake mwenye sharubu aliyekitaka kiwanda hicho kwa kila hila. Bi Karani alitazama kidogo, akamgeukia mumewe akamweleza, akarudi kwenye picha, akageuka tena. Mikono nayo ilisimulia, na nyusi, na mabega. Mzee Pumba alikuwa haoni kipindi bali anamwona mkewe, na kusema kweli, ile ndiyo ilikuwa saa aliyoisubiri tangu anapoamka.

Mpaka asubuhi ile aliyokuwa akinyoa ndevu dirishani. Alimwona mkewe uani, kwenye ukuta mfupi, anazungumza na mke wa seremala. Midomo ya Bi Karani ilisomeka hata kutoka mbali. "Hebu niambie, jana yule shemeji alisema nini pale mwisho? Mimi yalinipita."

Mzee alisimama na povu shavuni. Yalimpitaje, na alikuwa amekaa pale pale mbele ya televisheni? Kisha akaelewa, na moyo ukamshuka. Yalimpita kwa sababu alikuwa amegeuka. Kila alichomweleza mumewe alikinunua kwa kile alichokikosa yeye. Mama wa watu amefanya kazi maisha yake yote, amestaafu, ana kipindi kimoja tu anachokipenda, na hicho nacho anakitazama kwa vipande kama mtu anayechungulia harusi ya wenzake. Mzee aliona haya kweli kweli. Akajiona mzigo.

Hakumwambia mkewe. Alimwandikia ujumbe binti yao, muuguzi, na kesho yake binti akaja na kitu kidogo cheusi kama kijiti, urefu wa kidole, ambacho huchomekwa nyuma ya televisheni.

"Hiki changu, Baba," alisema, akijiweka mbele ya uso wa baba yake kama alivyofundishwa tangu zamani. "Kinavuta vipindi kwenye intaneti. Tamthilia yenu imo, na maneno yote wanayosema yanaandikwa hapa chini. Kaeni nacho mpaka wiki iishe. Mkikipenda, mtanunua chenu. Msipokipenda, narudi nacho kwangu na hakuna neno."

"Bei yake?"

Binti akamwambia. Mzee akapiga hesabu kwa mizani anayoielewa yeye, akaona ni gunia moja la mahindi na debe juu. Si kitu cha kukurupukia. Lakini kama kingempa mkewe kipindi chake kizima, angelitoa gunia hilo bila kulalamika.

"Na mimi nitafanya nini?" aliuliza Bi Karani akiwa amesimama mlangoni na kanga begani, na binti akacheka.

"Utatazama, Mama. Utapumzika."

Jioni ya kwanza ikaenda kama walivyopanga. Maandishi yalipita chini ya picha, meupe, makubwa, na Mzee akayasoma yote, hata pale yalipoandika kwamba mlango unagongwa. Bi Karani alipotaka kugeuka, alimwinulia kiganja kwa upole. "Pumzika, mama. Leo najisomea." Bi Karani akapumzika. Alikaa ameelekea mbele, mikono mapajani, kama abiria. Kipindi kikaisha. Mzee akatafuta la kusema, akakosa, maana wote wawili walikuwa wameona kitu kile kile. Mkewe akakusanya vikombe, akaenda kulala mapema.

Jioni ya pili ndipo yalipomkuta. Katika tamthilia ile kulikuwa na mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye miwani na bahasha kwapani, aliyekuja kiwandani mara kwa mara kumwona shemeji. Bi Karani alishamweleza mumewe habari zake zamani: huyo ni mama mzazi wa shemeji, aliyempoteza akiwa mtoto mchanga, na ndani ya bahasha ile mna barua alizomwandikia miaka yote na kukosa pa kuzituma. Mzee Pumba alimhurumia sana yule mama. Kwa miezi minane alikuwa akimlaumu shemeji moyoni kwa kumpokea mzazi wake kwa ukavu namna ile, bila hata kumkaribisha maji. Sasa mwanamke akaingia, bahasha kwapani, na maandishi yakasema: "Karibu, wakili. Umeleta hati za kiwanda?"

Mzee akasoma, akafikicha macho, akasoma tena, yakapita. Wakili! Akamtupia mkewe jicho la pembeni. Bi Karani alikuwa ametazama mbele, kimya kama maji ya mtungi, lakini shavu lake la upande huu lilikuwa linang'aa kwa jasho, au labda ni taa. Kilichomsumbua si kwamba alidanganywa. Kilichomsumbua ni kwamba alimtaka yule mama arudi. Wakili na hati zake walikuwa watu wa kawaida mno, unawaona ofisi yoyote.

Jioni ya tatu, kipindi hakijafika hata katikati, alihisi kiti cha pembeni ni kitupu. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Akashika rimoti aizime televisheni, akabonyeza alichodhani ndicho, picha haikuzimika bali ilisimama tuli, shemeji mdomo wazi. Akaiacha hivyo hivyo, akaenda jikoni.

Bi Karani alikuwa anafuta sufuria ambayo ilikuwa imekauka tangu mchana.

"Mbona umeniacha?" Mzee aliuliza.

"Si unasoma? Mimi pale nina kazi gani?"

Alisema bila kugeuka, na Mzee, asiyeuona mdomo wake, hakuambulia hata neno. Akamzunguka, akasimama mbele yake kati ya jiko na kabati, akamwomba arudie. Akarudia. Mzee akavuta pumzi.

"Yule mwenye miwani," alisema, "si mama yake. Ni wakili."

Sufuria ikatua. Bi Karani akaziba mdomo kwa kiganja, na mumewe akausogeza mkono ule pembeni taratibu, maana ukiziba mdomo kwake ni kama umezima taa.

"Sasa ningefanyaje?" alisema Bi Karani, nusu anacheka, nusu macho yanalengwalengwa na machozi. "Nikikueleza wewe, wenyewe wanaendelea kusema. Nikirudi nakuta wameshafika mbali. Siku ile aliingia nikiwa nimekugeukia, sikujua ni nani. Ukaniuliza, ningekwambia sijui? Mimi, karani? Nikaona ana umri, nikasema ni mama. Siku ya pili ukaniuliza, 'Yule mama vipi?' Basi ikabidi aendelee kuwa mama."

"Na barua?"

"Ulitaka kujua bahasha ni ya nini."

Mzee Pumba alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Mkewe naye akacheka, kisha akaacha kabla yake, akawa anaikunja kanga yake na kuikunjua.

"Nikwambie kitu? Usikasirike. Miaka ishirini na sita ulikuwa unaingia na unga kwenye kope. Nakuongelesha, unasema 'hee.' Nakwambia mtoto ana homa, 'hee.' Nakwambia mwalimu mkuu kanisifu mbele ya watu, 'hee,' tayari unakoroma. Sikulaumu, ulikuwa umechoka. Lakini tangu masikio yako yafe ndipo ulipoanza kunisikiliza. Unanitazama hivi, neno kwa neno, kama mtu anayenitaka. Nami nimezoea. Sasa umeletewa maandishi."

Mzee hakupitwa na hata herufi moja. Alisimama pale akakumbuka zile "hee" zake, angalau alizoweza kuzikumbuka, na ilimuuma, akaona anastahili kuumwa. Hakujua kuomba radhi kwa maneno marefu. "Nilidhani nakuchosha," alisema. "Nilikuona unamuuliza mke wa seremala. Nikasema nakunyima kipindi chako."

"Kunichosha unanichosha," alisema Bi Karani. "Nani kasema sitaki?"

Waliporudi sebuleni walimkuta shemeji bado ameachama, sharubu hewani. Bi Karani alidhani televisheni imekufa. Mzee akabonyeza pale pale alipobonyeza mwanzo, na shemeji akafunga mdomo akaendelea kufoka kuanzia neno lile lile. Akabonyeza tena, shemeji akasimama. Wakatazamana. Bi Karani akaichukua rimoti akajaribu yeye mwenyewe, mara mbili, mara tatu, kwa uso wa mtu aliyekuta karatasi haijakwama kwenye mashine ya chapa.

"Kwa hiyo naweza kuona mpaka mwisho wa maneno," alisema polepole, "halafu nimsimamishe, halafu nikwambie wewe?"

"Hata ukitaka saa nzima."

Kuyazima maandishi kuliwachukua muda, walipita kwenye lugha tatu wasizozijua kabla hayajatoka. Kisha Mzee akaitafuta miwani yake ya kusomea, akamwandikia binti yao kwa kidole kimoja: Kijiti tunanunua. Maandishi hatuyataki.

Jibu likaja haraka. "Sasa Baba, kama maandishi hamyataki, mnakinunua cha nini?"

Mzee Pumba alifikiri kidogo. Akaandika: Kinanyamaza mama yako akitaka kuongea. Akautuma, akalaza simu mezani, akamgeukia mkewe, ambaye alikuwa ameshaanza.