Hita ya Akiba Niliyoifuta

Heri ningekataa. Jirani yangu aliponiomba nikae na fundi kwa niaba yake, nimchagulie mashine ya kupashia nyumba joto, ningemjibu kwamba nyumba ni yake na uamuzi ni wake. Lakini nilikubali hata kabla hajamaliza kuomba.

Huyu jirani ni mama wa Kikongo kutoka upande wa Bukavu. Nyumba yake ni ya pili kutoka ya mwanangu, ninakoishi hapa Adelphi, ughaibuni. Kazi yake ni kutunza wazee, na anatoka asubuhi na kurudi jioni. Tanuri la gesi lililokuwa likipasha nyumba yake lilikufa mwezi wa tisa, na mama yake mzazi alikuwa anakuja mwezi wa kumi na moja.

"Papa," aliniambia, "mama hajaona baridi ya huku hata siku moja. Nataka afike apate nyumba iko na moto, akae na miye mpaka mwisho. Weye unajua mambo ya moto. Unichagulie."

Ni kweli niliujua moto. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa katika kiwanda cha majani chai kule Kericho, nikalisha boila kuni kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa nimemsimulia habari hiyo mara nyingi, na nadhani kila nilipoisimulia boila iliongezeka ukubwa.

Fundi alikuja siku jirani yuko kazini. Alikuwa Mtanzania, kijana wa miaka thelathini hivi, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, mzee wangu."

Kwetu milimani hatusalimiani hivyo. Nilijibu "marahaba" kwa kuchelewa kidogo, na moyoni nikajiambia kwamba kijana mwenye adabu kiasi hiki lazima ana kitu cha kuuza.

Alinieleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuweka tanuri jipya la gesi, linalochoma na kupuliza hewa ya moto kama lile la zamani. Ya pili ni pampu ya joto.

"Hiyo haichomi kitu, mzee. Inachukua joto lililoko nje, inaliingiza ndani."

"Nje kuna joto gani wakati wa theluji?"

"Lipo. Hata hewa ya baridi ina joto lake, ila ni dogo. Samahani, mzee, umewahi kushika mgongo wa friji?"

"Niushike wa nini?"

"Una moto. Lile ni joto lililotolewa kwenye chakula."

Nikafikiri. "Kwa hivyo unageuza friji. Mgongo unaingia nyumbani, mlango unabaki uani."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Hapo hapo! Umemaliza darasa, mzee."

Siwezi kueleza vizuri jinsi jambo lile lilivyonishika. Nusu ya maisha yangu nilikuwa nimeamini kwamba ukitaka joto lazima uchome kitu: kuni, makaa, gesi, chochote. Sasa naambiwa joto linaweza kuchotwa kwenye baridi, kama maji kisimani. Nilirudi kwa mwanangu, nikavuta friji kutoka ukutani, nikaweka kiganja nyuma yake. Mkamwana wangu akanikuta nimepiga magoti kwenye vumbi.

"Baba, umeangusha nini?"

"Sijaangusha. Nashika joto la maziwa."

Alinitazama, kisha akampigia daktari simu kuuliza miadi yangu ni lini.

Basi nikachagua pampu. Leo nasema wazi kwamba sikuichagua kwa ajili ya yule mama aliyekuwa akija. Niliichagua kwa sababu nilitaka kuiona ikifanya kazi, na nyumba ya mtu mwingine ndiyo iliyopatikana. Tanuri la gesi nililijua tayari. Halikuwa na kipya cha kunionyesha.

Kosa kubwa zaidi lilifuata. Katika karatasi ya fundi palikuwa na mstari mmoja zaidi: hita ya akiba, yaani nyaya za umeme zinazokaa ndani ya mashine na kuwaka zenyewe siku ambazo baridi imezidi nguvu za pampu.

"Hii ningeshauri tuiache ibaki, mzee wangu," alisema taratibu. "Huku zipo siku chache mbaya sana."

"Wewe si umeniambia kuna joto hata kwenye baridi?"

"Nimesema, mzee. Lakini siku hizo ni dogo mno."

"Basi unaniuzia mashine mbili. Toa hiyo."

Alijaribu tena, kwa upole uleule. Laiti angenipigia kelele kama fundi wa kwetu, pengine ningemsikiliza. Upole wake niliuona ni ujanja. Nilichukua kalamu yake, nikaufuta ule mstari mwenyewe. Jioni nilimwambia jirani kwamba kila kitu kiko sawa. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Mama yake alifika. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Mchana alibaki peke yake, nami nilibaki peke yangu, kwani kwetu wote huenda kazini, na wajukuu wangu nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Nikaanza kupita kila siku saa nne asubuhi. Kiswahili chake na changu viligongana, tukalazimika kuulizana, na kuulizana kukawa ndiyo starehe yenyewe.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili alinifungulia mlango mbio.

"Muzee, kuya uone! Ile kintu ya inje iko inavuta tumbako!"

Tulisimama dirishani. Feni ya mashine ilikuwa imesimama na moshi mweupe ulipanda kutoka pande zote. Nilitoka nje, nikaweka mkono. Haukuwa moshi, ulikuwa mvuke. Barafu ilikuwa imeganda kwenye mapezi ya chuma, yale mabati membamba ya ubavuni, na mashine ilijipasha yenyewe kuiyeyusha. Baada ya dakika chache feni ikaanza tena.

"Imeisha kuvuta, sasa imerudi ku kazi," alisema. "Kama bwana yangu marehemu."

Tangu hapo tulikuwa tukiingojea. Nilimfafanulia habari ya friji, naye akaniuliza swali ambalo fundi hakuniambia jibu lake: tukitoa joto lote la huko nje, majirani watabaki na nini? Tulibishana juu ya hilo siku mbili nzima.

Mwezi wa kwanza baridi yenyewe ikaja. Ilikaa siku tano bila kupumzika. Mashine ilifanya kazi mfululizo, na kila ilipochota joto la ndani kujiyeyusha barafu, matundu ya sakafuni yalipuliza hewa baridi ndani ya nyumba. Siku ya tatu nilimkuta yule mama kwenye kochi, amevaa koti, kofia, na soksi mikononi.

"Niko nasikia baridi mpaka mu mifupa, muzee." Hakutania.

Fundi aliitwa, na safari hii jirani alikuwepo. Aliuliza kwa nini mashine mpya imeshindwa. Kijana akanitazama, kisha akatazama chini.

"Tulikosea kidogo kwenye mahesabu, dada."

Alikuwa ananistahi. Ningeweza kumwacha abebe kosa langu. Lakini nikasema, "Hakukosea. Aliiandika hita ya akiba, mimi nikaifuta."

Jirani hakupaza sauti. "Papa, nilikuita sababu unajua moto."

Hita haikuwepo ghalani, na waya za nyumba zilihitaji kuongezwa kwanza. Fundi alisema majuma matatu. Mama alikuwa amekwisha kuanza kukohoa. Kaka wa jirani anayeishi Texas akatuma tiketi ya ndege, mama akapumzike kwake mpaka majira ya machipuko.

Hita iliwekwa, na nyumba sasa ina joto hata siku mbaya kabisa. Lakini yule mama hakurudi. Kule alikuta jua, na kanisa lenye wanawake wa rika lake waliotoka kwao, na akasema hataki tena kuona theluji. Tulipigiana simu miezi michache. Masikio yake ni mazito na simu haimsaidii, hivyo tukaacha.

Jirani bado ananisalimia vizuri, ila haniombi tena ushauri. Alitaka kuishi na mama yake mpaka mwisho, akaishi naye wiki tisa. Hilo nilimnyima mimi. Nami nilipoteza mtu pekee katika mtaa huu niliyekuwa nikizungumza naye kila siku.