Maombi kwa Ajili ya Ludovick

Magdalena wa huku juu ya Makumira ni mtu wa migomba, kahawa na ng'ombe wawili, na kwa miaka kumi na minne amewafundisha watoto wa kipaimara amri kumi bila kuruka hata moja. Jumapili ile, baada ya ibada na mnada wa sadaka, jina lake lingetajwa ili apendekezwe kuwa mzee wa kanisa. Aliitaka nafasi hiyo, tusidanganyane. Marehemu mama yake alikuwa mzee wa kanisa mtaa huohuo, na yeye alishashona hadi gauni la kuingizwa kazini.

Kumbe alikuwa na siri. Moyo wake ulikuwa kwa mwizi.

Mwizi mwenyewe hayupo duniani. Yumo ndani ya simu, kwenye hadithi ya mfululizo ambayo mpwa wake Anna alimuunganishia WhatsApp, sehemu moja kila Jumamosi. Anaitwa Ludovick. Anavaa shati jeupe, anatapeli wajane, na akishatapeli anakaa chini anakula kwa raha zake. Magdalena alianza kusoma ili amlaani. Kufika sehemu ya sita, alikuwa anasomea bandani kwa ng'ombe, ndoo ya maziwa katikati ya magoti, simu juu ya gunia la pumba, anacheka peke yake mpaka ng'ombe anageuka kumtazama. Princess, yule msichana mwema wa hadithi, alimchosha kabisa. Kazi yake kulia tu. "Jifute machozi ukapalilie," Magdalena alimwambia. Lakini Ludovick akiitwa, anasema siji. Magdalena, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwambia mtu siji, aliisikia raha hiyo hadi kwenye visigino. Halafu mwandishi, mjanja huyo, akamwonyesha Ludovick akiwa mdogo, analala nje ya duka kwenye baridi ya Julai. Basi, Magdalena kwisha.

Jumamosi moja Ludovick akatumbukia korongoni akiwakimbia polisi. Sehemu ile ikaishia yuko hospitali, hajitambui, na wasomaji wasubiri wiki nzima. Jioni ile Magdalena aliacha ugali wake mezani. Asubuhi ya Jumapili ile, mlangoni mwa kanisa, kabla akili haijamwonya, mkono ulishachukua kikaratasi cha mahitaji ya maombi na kuandika: "Tumwombee Ludovick. Yuko mahututi. Asife kabla hajatubu." Akakitia kapuni, akajisikia mwepesi.

Mwinjilisti Elinaza alikisoma kwa sauti yake nzito, na kanisa zima likainama. Walimwombea Ludovick kama mtoto wao wa kumzaa. Kina mama wa mbele walilia kabisa. Magdalena naye aliinama, jasho likimtiririka, kicheko kimembana mbavu, akiomba ardhi ipasuke immeze.

Laiti ingeishia hapo. Ukaja mnada, maana kwetu asiye na fedha ya sadaka huleta mayai, kuku au ndizi, vikanadiwa pale nje. Aliyenunua mkungu wa kwanza akapaza sauti: "Huu apelekewe mgonjwa Ludovick." Vigelegele vikapaa. Elinaza akatangaza kwamba wazee na kwaya wataenda kumwona mgonjwa sasa hivi, gari limepatikana.

"Dada Magdalena," akasema, "ule mwandiko ni wako, nani asiyeujua? Amelazwa wodi gani?"

Angeweza kudanganya. Ludovick angedanganya bila kupepesa macho, kisha akaondoka na mkungu begani. Magdalena alimwona kabisa akiondoka nao, nusura acheke kwa sauti. Lakini hawa walikuwa watu wake, na kwaya ilishaanza kupanda gari.

"Hayupo wodini, Mwinjilisti. Yuko kwenye hadithi. Ni tapeli wa wajane. Nisameheni."

Kisha Anna akaangua kicheko, kikamshika jirani, kikamshika na wa nyuma yake, na babu mmoja anayeimba besi kwenye kwaya ikabidi akae chini kwenye majani. Elinaza hakucheka.

"Mwalimu wa kipaimara umetupigisha magoti kwa ajili ya mwizi wa kutungwa?"

"Ndiyo," Magdalena akasema, aibu imemjaa usoni. "Wezi wa kweli wakipita nafunga mlango, sitaki hata kujua kwao ni wapi. Huyu nimekaa naye wiki kumi na moja. Nilianza kwa kumchukia, lakini ukikaa na mtu muda wote huo, chuki inachoka."

"Sasa atapona?" mama mmoja akauliza. "Tumeshamwombea, tuna haki ya kujua."

Vicheko vikaanza upya. Katikati yake akapita Elifuraha, mjane ambaye siku hizi hukaa kiti cha karibu na mlango na kuondoka kabla ya watu kusalimiana. Akasimama mbele ya Elinaza.

"Mimi Ludovick wangu anaitwa Frederick," akasema. "Mnamjua. Mwanangu yuko mahabusu kwa wizi wa pikipiki, huu ni mwezi wa nane. Kila Jumapili naandika jina lake kwenye kikaratasi, halafu nakirudisha mfukoni. Niliwaonea haya. Leo nimesikia mnavyojua kumwombea mwizi."

Magdalena aliuendea ule mkungu akauinua mwenyewe, na sifa yake ya mwalimu mwema iende na maji, liwalo na liwe.

"Gari si lipo?" akauliza.

"Lipo," Elinaza akajibu taratibu.

"Basi tupitie kwa Elifuraha ndizi zipikwe kwanza, kisha twende kwa Frederick."

Jina la Magdalena halikutajwa Jumapili ile. Hakuna aliyekumbuka, na mwenyewe hakukumbusha. Kwaya ilipanda, wazee wakapanda, na Elinaza akampisha Elifuraha kiti cha mbele.

"Kijana anapenda ndizi zipikwe vipi?" akamuuliza.

Elifuraha akamgeukia. Miezi minane, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza habari yoyote ya mwanawe.

"Laini," akasema. "Na chumvi kidogo."