Swali Nililoona Haya Kumuuliza Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya mgodi karibu na Geita, miaka ya hamsini, Bwana Mganga alinikabidhi bandeji, bakuli na amri moja: "Joto na jasho ni malaria. Toa kwinini, usinisumbue." Nilikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, nimevaa kaptula iliyopigwa pasi ikakakamaa. Nikatii.

Mama Kulwa alikuja mara tatu. Joto lilimpanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, akatota jasho, kisha akapoa. Mara tatu nikampa kwinini, ile dawa chungu ya homa. Masikio yakaanza kumvuma. Mumewe aliposikia hayo akaamua kuwa mkewe amelogwa, na kwamba atamrudisha kwao Kahama. Niliumia, maana mama yule nilimpenda sana. Hakuwahi kuja bila kuniletea karanga.

Nikamwendea Bibi Minza, nfumu wetu, mganga wa miti shamba. Nikamweleza yote.

"Damu ya mwezi aliiona lini mara ya mwisho?" akauliza.

"Sijui, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Hukumuuliza?"

"Ni sawa na mama yangu! Nitaanzaje?"

Alicheka akashika mbavu. "Kumnywesha machungu huoni haya, kumuuliza ndiyo unaona haya?"

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Mama Kulwa. Mzigo wake ulikuwa umeshafungwa. Nikamuuliza mbele ya mumewe, macho yangu chini. Mzee akanyanyua fimbo.

Mama akamshika mkono. "Mwache mtoto wa watu. Ni mwaka sasa sijaiona."

"Basi hajalogwa, baba," nikasema. "Amekoma hedhi. Joto hilo ni la umri tu."

Bibi Minza akampa ufuta uliokaangwa na kutwangwa, achanganye kwenye uji kila asubuhi. Joto halikuisha, ila mwenyewe alisema limepungua, na usingizi ukarudi. Sijui ni ufuta, au ni kuepukana na kwinini yangu, au ni mumewe kuufungua ule mzigo kwa mikono yake.

Baadaye nilihamishiwa Runzewe, kisha Kahama, nikastaafu nikiwa mganga msaidizi. Kila mama wa umri ule aliyelalamikia joto nilimuuliza swali lile. Aibu ya kuliuliza sikuizoea kamwe. Wengi walinisonya, na mmoja alinimwagia maji ya kunawa. Nikajifuta uso, nikamuuliza tena.