Mwamshe Kidogo, Umlaze Tena

"Dada, samahani. Pikipiki imepita, sauti imeharibika. Naomba umwamshe kidogo, halafu umlaze tena."

Mwanangu alikuwa anaota meno. Tangu alfajiri alikuwa amenikalia kifuani akilia, na ndiyo kwanza alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, jasho kwenye pua. Na huyu binti kachuchumaa mbele yangu, kinasa sauti mkononi, anasubiri nimrudishe mtoto mwanzo kama wimbo wa kwenye simu.

Mimi niliishia kidato cha nne. Huko mbele sijafika, lakini niliamini hata huko hakuna somo la kuamsha watoto. Kumbe lipo. Binti alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja Dar, anasomea lugha na tamaduni za dunia. Dunia yenyewe kwao ilikuwa Uchina, Ufaransa na Uarabuni. Sisi wa Kaole tuliwekwa mwishoni, mwezi mmoja wa mazoezi, aje akusanye nyimbo za kubembelezea watoto. Mwenyekiti wa kitongoji alimleta akae kwetu kwa sababu mwanangu ndiye aliyekuwa analia kuliko wote kijijini.

Binti mwenyewe mtu wa Iringa, mpole, shikamoo haimkauki mdomoni. Adabu hiyo ndiyo iliyonichosha. Utamfokeaje mtu anayekuomba samahani kabla hajakukosea?

Siku hiyo sikumfokea. Nilimnyanyua mtoto, akaamka, nyumba ikajaa kilio. Nikambandika mgongoni kwa binti, nikamfunga na kanga yangu barabara.

"Kwetu, anayemwamsha mtoto ndiye anayembembeleza mpaka alale. Ndiyo mila."

Mila hiyo niliizaa pale pale. Mama mkwe alikuwa barazani anakuna nazi, nikajua sasa ataniumbua. Hakuacha hata kukuna.

"Ndiyo hivyo, mjukuu wangu. Na unazunguka nyumba. Kukaa hairuhusiwi."

"Ina jina, bibi?"

"Inalo. Halitajwi mchana."

Binti akazunguka. Akaimba nyimbo zetu zote alizozinasa, mtoto akazidi kupaza sauti. Zikamwishia. Alipotokeza tena upande wa jikoni nikamsikia anaimba kitu chembamba, kinapanda kinashuka. Kichina, wimbo waliofundishwa darasani. Mtoto kimya. Mzunguko uliofuata, kichwa kimeshamwangukia pembeni.

Nami nikalala. Mkekani, mchana kweupe, kama bi harusi yuko fungate.

Tangu hapo mila ikashika kasi. Kila ikifika adhuhuri namkabidhi.

"Lakini leo sijamwamsha mimi, dada," alijaribu siku moja.

"Umemwangalia," mama mkwe akamwambia. "Ni yale yale."

Jirani mwenye pacha akaja kuomba mila ifike na kwake. Nikamwambia atafute mwanafunzi wake.

Mwezi ukaisha. Binti akaagana nasi machozi yanamtoka, akaondoka na nyimbo zetu zote, na mila yangu kaiandika kwenye ripoti, ukurasa mzima. Mchana ule ule nikaanza kumwimbia mwanangu wimbo niliolazwa nao mimi, aliolazwa nao mama yangu. Akanitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha akaanza.

Mama mkwe akasema nimwachie yeye, huo wa Kichina anauweza. Akauimba. Mbuzi wa jirani waliacha kula. Mtoto naye alinyamaza kwa mshangao, akavuta pumzi, akaanza upya.

Nikampigia simu binti. Aliimba vizuri sana, macho ya mwanangu yakawa mazito, mazito, na salio likaisha. Nilipoongeza vocha alipokea kwa kunong'ona: "Dada, niko maktaba. Watu wananitazama."

Mume wangu ni kibarua kwenye mashamba ya miwa Makurunge. Aliporudi akauliza mbona nina macho mekundu, nani kaniudhi. Nilichukua karatasi nikaandika, nikapanda gari mpaka chuoni, mtoto mgongoni analia njia nzima, nikaiweka mezani kwa karani wa idara. Akaisoma. Akamtazama mtoto. Akagonga muhuri haraka haraka.

YAH: MALALAMIKO YA KUHARIBIWA USINGIZI WA MTOTO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanafunzi wenu alikuja kuchukua nyimbo zetu, akatuachia wa watu wengine. Mtoto sasa za kwetu hazitaki. Hatukuambiwa kwamba ni kubadilishana.

Naomba arudishwe kwangu kila likizo. Ikishindikana, nipokeeni mimi kwenye darasa hilo la Kichina. Nina cheti cha kidato cha nne na Kiswahili nilifaulu vizuri. Nitakuja na mtoto, na atakayemwamsha atambembeleza, kwa kuwa mila hiyo mnayo tayari kwenye ripoti yenu.

Atakayeniletea majibu apige hodi kwa sauti ya chini.

Mlalamikaji,
Mama wa mtoto, Kaole.