Sawa Iliyotoka Mapema

Dada yangu ana kazi ambayo Mama, mpaka leo, akiulizwa na majirani, hujibu, "Anatengeneza waya." Ndiyo maana nyumbani tunamwita Fundi Waya. Hatengenezi waya. Anaandika dreva, ile programu ndogo inayokaa ndani kabisa ya kifaa, kwenye kiini cha mfumo wake, na kukisemea kifaa hicho kikichomekwa kwenye kompyuta.

Alinieleza siku moja tukimenya vitunguu, na nilimwelewa kwa sababu nilimkataza maneno ya ofisini. Kwenye waya wa USB, alisema, kompyuta ndiyo bosi. Kifaa hakianzi mazungumzo hata siku moja. Kompyuta inakiuliza wewe nani, unaweza nini, halafu inakipa amri na mzigo wake, kisha inangoja neno la kufungia. Hapo dreva inaweza kusema sawa, au kukataa, au kunyamaza kwanza mpaka kazi iishe ndipo iseme sawa. Huko kunyamaza kuna balaa lake. Kompyuta haina subira. Ikichoka kungoja inakihesabu kifaa kuwa kimekufa.

"Sasa nyie mnafanyaje?" nikamuuliza.

"Wengine tunasema sawa kwanza, kazi tunaimalizia nyuma ya pazia."

"Yaani mnadanganya."

"Tunawahi," alisema, akajifuta machozi ya vitunguu.

Baba yetu ni mzimamoto mstaafu, na sauti yake alistaafu nayo. Akiita mtu kutoka sebuleni, majirani nao huitika. Sasa hiyo ndiyo sauti iliyopatwa na uvimbe, na madaktari walisema bila kuzunguka: uvimbe utaondolewa pamoja na kile kinachotoa sauti, na akiamka hatasema tena. Mama alishika tama. Mimi nilimfokea daktari, kana kwamba yeye ndiye aliyeuotesha. Dada alikwenda kutengeneza kisanduku cha kumsemea Baba.

Kilikuwa na vitufe vikubwa, kila kimoja na maneno ya Baba kwa sauti yake mwenyewe. Baba angesemea kwenye kompyuta, kompyuta ingeyatuma maneno kwenye kisanduku na kutoa amri ya kuhifadhi, na ikishajibiwa sawa ingefuta yaliyobaki kwake. Kompyuta ilikuwa ya ofisini, na Dada hakutaka sauti ya Baba izagae huko. Dreva ya kisanduku aliiandika mwenyewe. Kuhifadhi kulichukua muda, kompyuta ikawa inakikata kisanduku kila mara, basi akafanya kama wanavyofanya wenzake: sawa itangulie.

Walijaribu kitufe kimoja. Baba alisema neno lililomjia, kisanduku kikaachwa kwenye waya, wote tukaenda kunywa chai. Tuliporudi kilifanya kazi, tukapiga makofi.

Kesho yake Baba akasema yote. Alimwita Mama kwa jina ambalo ni yeye tu humwita, akaona haya mbele yetu. Akambembeleza mjukuu. Akanigombeza mimi kwa kuacha mlango wazi, kitufe kizima kwa ajili yangu. Sawa ikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Dada akakimbilia jikoni kumwambia Mama kuwa imekubali, na Baba akachomoa waya.

Kwetu kila kitu huchomolewa. Pasi, redio, jagi la chai, kikimaliza kazi hakibaki kwenye umeme, amri ya mzee aliyeona nyumba nyingi zikiteketea. Kisanduku kilikuwa kinakula umeme wa waya ule ule, betri Dada alikuja kuiweka asubuhi ya kwenda hospitali. Akataka kukijaribu, Baba akamzuia mkono.

"Mwanangu, acha. Nikijisikia sasa hivi nitalia, halafu nani atanipeleka?"

Tukacheka. Kwa nini tulicheka, sijui.

Wodini, Baba alipoweza kukaa, alimtazama Mama na kubonyeza kitufe chake. Kimya. Akabonyeza cha mjukuu, kimya. Changu, kimya. Alivipitia vyote kwa kidole kile kikubwa mpaka akafika kwenye kile cha majaribio, nayo sauti yake ikajaa wodi: "Haya, imeingia? Mbona hiki kidude hakisemi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Dada alitoka nje. Nilimkuta kwenye korido, amekaa sakafuni na viatu vyake vya kazini.

"Yarudishe," nikamwambia. "Wewe si ndiye fundi?"

"Kutoka wapi? Kisanduku kilikuwa hakijamaliza kuandika. Kompyuta imefuta. Iliambiwa sawa."

Niliuchukia ule ufundi wake wote, na nilimhurumia mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

Dreva ameshaitengeneza. Sasa inaiomba kompyuta ingoje, inaandika mpaka mwisho, ndipo inajibu. Haina cha kuandika. Mama alijitolea kuvijaza vitufe kwa sauti yake, Baba akatikisa kichwa, na hakuna aliyerudia kumwomba.

Kitufe ni kimoja basi, na ndicho cha kila jambo. Akitaka maji ni hicho, akitaka dirisha lifunguliwe ni hicho, na Mama akiitwa huitwa nacho, na huja.

Juzi Baba alimwonyesha Dada kwa mkono, kama mtu anayechomoa waya, kisha akajielekezea kifuani na kumtazama.

"Hapana, Baba. Si wewe. Mimi ndiye niliyekwambia sawa."

Baba alikaa akimtazama mwanawe akilia, mkono ukitafuta juu ya kisanduku, mwisho akabonyeza kile kile kimoja, na sauti yake kubwa ikatuuliza sote kama imeingia.